Nilimupa Papa Kasimu Kizazi: Nibakie Kwenye Hii Kazi?

Mama Dieudonnée wa redio, salamu kwako na kwa wote wa nyumba. Kaa vizuri kwanza, juu maneno yangu iko mingi, na hapa Kasongo hakuna mutu mwingine ninaweza kumuambia bila maneno kufika sokoni saa ile ile.

Mimi naitwa Nuru, niko na miaka makumi mbili na tatu, nilizaliwa Lusangi, na tangu nilipata diplome nakaa hapa kwa mama mudogo wangu Véronique. Nafanya kazi kwa dokta moja mwenye kuwa na kabine yake mwenyewe ya kutibia watu, tumuite Dokta Emile. Yeye hapendi kuandika. Akimaliza kuangalia mugonjwa anachukua simu, anasema ndani yote aliyoona, kwa Kifaransa, mbio mbio, na huku anatafuna karanga, halafu ananitumia ile sauti, mimi naweka écouteurs kwa masikio, naandika kwa ordinateur, yeye anatia sahihi, mugonjwa anaenda na karatasi yake. Alinichukua juu naandika haraka kuliko wote tuliosoma nao, na mimi nilifikiri hii kazi ni vidole tu, kumbe ni masikio, na kumbe tena ni mudomo, utaona.

Mwezi wa kwanza tu ikafika sauti ya Papa Kasimu, mununuzi wa zahabu kule Salamabila, mwanaume wa ndevu na wake wawili, alikuwa anasikia uchungu akikojoa, dokta akasema urètre, ni kusema njia ya mukojo, mimi katikati ya zile karanga nikasikia utérus, nikaandika kama Papa Kasimu iko na uvimbe wa kizazi, dokta akatia sahihi bila kusoma, Papa akapanda pikipiki mupaka kwake, akamupa infirmier, muuguzi wa kule, karatasi, na infirmier akaisoma kwa sauti kubwa mbele ya watu wote wenye kungoja. Siku tano nyuma yake Papa akarudi, vumbi mupaka kwa kope, akasimama mulangoni akapiga kelele: "Wapi huyu mutoto mwanamuke mwenye alinipa kizazi? Muke wangu mukubwa ananiuliza nitazaa mwezi gani!" Dokta alicheka mupaka akashika ukuta, halafu akaacha kucheka, akaniambia, "Nuru, kama haukusikia, uliza." Nikalia, nikaomba musamaha, Papa akapewa karatasi ingine, akaisoma mara tatu mbele ya kutoka.

Mwezi wa tatu ikafika sauti ya Mama Anastasie, mwenye kule hospitali walikuwa wanataka kumupasua ili mutoto atoke. Siku dokta aliposema ile sauti mvua ilikuwa inapiga mabati, neno moja sikulisikia, nikarudilia mara kumi na tatu, mama mudogo ananiita tutwange sombe, majani ya muhogo, nikawaza niliruke tu, neno moja ni nini? Mara nikapiga simu. Dokta akakasirika: "Nuru, niko nakula!" Nikamusomea maneno ya mbele na ya nyuma. Halafu akasema polepole: "Allergique. Allergique à la pénicilline. Andika kwa herufi kubwa, na unijulishe kama umeandika." Mama, ni kusema mwili wake unakataa pénicilline, na ile dawa ndiyo walikuwa wamemutayarishia, ingemuua. Alizaa mwanaume, wote wawili wazima, na hakuna mwenye anajua jina langu ndani ya ile habari, lakini siku ile nilitembea njiani kama mutu mwenye kuvaa kitenge kipya.

Sasa yaya wangu Fabrice, kaka yangu mukubwa, iko na restaurant kule Salamabila, ananiambia niache kusikiliza magonjwa ya watu, nikuje kupikia wachimbaji, na tena anasema simu za leo zinaandika zenyewe, kazi yangu itakufa mbele niolewe. Na kuko jambo lingine, ni dogo tu, siku moja tulikuwa tunacheka na mama mudogo, nikasema Papa Fidèle wa kwaya mwenye anasimama misa yote bila kukaa, watu wanasema ni heshima ya Mungu, kumbe ni bawasiri, na mama mudogo akaambia rafiki moja, moja tu, na siku ya Mungu iliyofuata kwaya ikamuletea muto wa kukalia, wa maua. Hajarudi kwaya tangu pale. Dokta hajajua kama ni mimi.

Basi Mama, hii kazi inanifaa, ao niende Salamabila?

Nuru, Kasongo

*

Nuru, mutoto wangu,

Siku barua yako ilifika nilikupigia simu, juu mambo kama haya hayangoji zamu ya redio. Ulinikasirikia. Leo wasikilizaji wasikie nilikuambia nini. Na nyinyi wasikilizaji, musipoteze wakati kuangalia nani anasimama kanisani: nimebadilisha majina, kazi ya huyo Papa, na hata pahali panapomuuma.

Uliniuliza juu ya vidole na masikio. Kwa hayo sina neno. Kosa la Papa Kasimu ni nusu yako, nusu ya dokta. Mutu mwenye kutia sahihi bila kusoma, hicho kizazi angepewa yeye. Na juu ya simu zenye kujiandikia, yangu niliisemea "nitumie sombe," ikaandika "nitume simba." Pengine siku moja zitajua. Hata siku ile, itatakiwa mutu wa kusoma nyuma yake, mwenye akiona pengo hatalala juu yake. Mama Anastasie iko hai juu wewe haukuruka neno.

Lakini kidonda chenyewe ulikifunika na kitenge, ukasema ni "jambo dogo." Mutu ameimba miaka na miaka, ameacha kuimba juu ya kicheko chako, na wewe unaita hiyo dogo? Papa Fidèle hakukuambia wewe matako yake iko na nini. Alimuambia dokta, mulango ukiwa umefungwa. Wewe ulikuwa ndani ya ule mulango, ukatoka nayo mupaka jikoni. Na usinitajie mama mudogo. Yeye aliambia mutu moja. Yeye aliambiwa na nani?

Kwenye simu uliniuliza, "Sasa Mama, nikimuambia dokta, si atanifukuza?" Nikakujibu: "Afukuze. Enda."

Ulienda, na kwa hiyo nakuheshimu. Dokta hakupiga kelele. Alinyoosha mukono, ukamurudishia écouteurs, ukakaa nyumbani wiki mbili. Kwa Papa Fidèle ulipiga magoti ndani ya lupango, uani kwake, akakuacha pale mupaka akamaliza kufunga muzigo kwa baiskeli yake. Halafu akakuuliza, "Ulicheka?" Haukudanganya: "Ndiyo Papa, nilicheka." Akasema, "Hata mimi ningecheka, kama ingekuwa ya mwingine." Kwaya hajarudi. Pengine hatarudi. Hiyo utaibeba, na sina dawa ya kukuandikia.

Juma lililopita dokta alikutumia sauti moja, moja tu, na umeniandikia tena kuniuliza kama ubakie.

Bakia. Kazi inakufaa tangu siku uliogopa neno moja. Ilibakia kuogopa mudomo wako vilevile. Muombe dokta kitabu cha maneno ya mwili, ujifunze ukurasa moja kila siku, usiulize tena kile unapaswa kujua, na usiache kuuliza kile haukusikia. Karatasi umusomee mbele atie sahihi, hata akikunja uso. Sauti ukimaliza kuandika, ifute kwa simu yako. Fabrice umuambie hapana, kwa heshima, ni yaya wako.

Na leo jioni mama mudogo atakuuliza, kama desturi yake, nani alikuja kwa dokta. Umujibu: "Watu." Akiuliza watu gani, umujibu: "Wagonjwa." Akiendelea, umuulize chumvi iko wapi.