Kati ya Ngoya na Ng'oa

Albertville, kando ya ziwa

Kwako Mama Zaina,

Kabla ya yote, mwili wako uko namna gani? Zaina je, homa imemwacha kabisa? Na mguu wa baba yako, bado unamsumbua akipanda kilima cha Wamaza? Mimi niko. Nakula, nafanya kazi, mgongo unalia jioni na asubuhi unanyamaza.

Salamu hizi naziandika kwa woga. Tangu ile barua yangu ya wakati wa mvua hujanijibu hata neno moja, na nimesikia umerudi kwa baba yako. Nimesikia pia kwamba mwalimu aliisoma barazani mbele ya watu wote, mpaka pale nilipokuita mvivu na mwanamke wa kuzurura Kasongo. Ukinyamaza, sikulaumu. Lakini nakuomba unisikilize leo, kwa sababu kuna jambo limenipata hapa.

Unajua kazi yangu ni ya bandarini, kubeba mifuko ya saruji. Jumapili mkubwa wetu hutuchukua, mimi na Sefu, yule Mubangubangu wa Salamabila, tupige kasia kwenye mashindano ya wazungu. Wana mashua ndogo za matanga. Hawaendi kuvua, hawaendi kununua kitu. Wanazunguka mapipa mawili mekundu yanayoelea, kisha wanarudi walikotoka. Sefu husema, "Bazungu hawa, hata kuzunguka bure wanashindania."

Mwamuzi ni huyo huyo mkubwa wetu. Sisi tunamwita Bwana Kengele, maana hukaa katika mashua iliyotia nanga, ana kengele yake na bendera zake. Upepo ukigeuka, yeye hugeuza njia: anatutuma tuhamishe pipa la mbali. Ila sheria inambana. Kwanza apandishe bendera na kupiga kengele, ili hata mashua ya mwisho ijue. Na kama mashua ya mbele imekwisha kulielekea pipa, haruhusiwi tena kuligusa. Wamalize njia ya zamani, hata ikiwa mbaya.

Jumapili iliyopita upepo uligeuka ghafula. Alikuwa ametuweka tayari kando ya pipa la mbali. Mashua ya mbele, ya mzungu mmoja mrefu mwenye duka, ilikuwa inakuja kwetu. Bwana Kengele akatupigia kelele kwa bomba lake la kusemea. Nikasikia: "Ng'oa! Ng'oa!"

"Anasema tung'oe," nikamwambia Sefu.

"Basi ng'oa, ndugu, asituite tena mbuzi."

Tukang'oa nanga ya pipa, tukalivuta mbali. Kumbe alisema "ngoya", tungoje! Mzungu mrefu akafika mahali pa pipa, akakuta maji matupu. Akazunguka pale kama kuku aliyeibiwa mayai. Wale wa nyuma wakaliona pipa kwetu, wakakata njia, na wa mwisho akawa wa kwanza.

Ufukoni mzungu mrefu aliruka kutoka mashuani mwake akinionyesha kidole. "Makako hii, nyani hii, ifukuzwe! Iandikwe katika kitabu chake!" Unajua, Mama Zaina, kitabu cha kazi kikichafuliwa hakuna anayekuchukua tena.

"Amisi," Bwana Kengele akaniuliza, "mimi nilisema nini?"

"Bwana, ulisema ng'oa."

"Nilisema ngoya."

"Ndiyo, Bwana. Ng'oa."

Akamtuma Sefu asimame mwisho wa gati. "Nikisema ngoya, kaa kimya. Nikisema ng'oa, nyoosha mukono." Akapiga kelele ya ngoya mara ya kwanza, Sefu akanyoosha mkono. Mara ya pili, mkono. Mara ya tatu Bwana hakusema kitu, alikohoa tu, na Sefu akanyoosha mkono. Wazungu walicheka hadi kushikana mabega.

Yeye hakucheka. Alisema nao kwa Kifaransa, kisha akatugeukia sisi. "Kosa iko yangu. Neno nilitoa mubaya, na bendera sikupandisha. Mashindano ya leo imekufa, itaanza tena." Akatuamuru tumrudishe kwenye mashua yake. Akapandisha bendera ya kufuta, akapiga kengele, na mashua zote zilikuwa zimekwisha kuvutwa mchangani.

Nikajipa moyo. "Bwana, unapigia nani?"

"Bote," akasema. "Kosa bote waliiona. Kuifuta pia, bote waone."

Usidhani amekuwa malaika. Jumatatu mfuko ulipasuka, akatutukana kwa sauti ile ile.

Lakini kuna neno ambalo yeye sikumwambia, nakuambia wewe. Niliposikia "ng'oa" nilitazama mlingoti wake, sikuona bendera. Sheria niliijua. Moyo uliniambia, uliza. Sikuuliza. Na wewe nilikufanyia hivyo hivyo. Dereva mmoja wa Kabambare aliniambia amekuona Kasongo, umevaa kitenge kipya, na shamba letu la mpunga limejaa magugu. Nikashika kalamu papo hapo. Sikukuuliza Kasongo ulifuata nini. Sasa kaka yako ameniandikia: ulimbeba Zaina mgongoni mpaka hospitali, ukalala naye chini mpaka homa iliposhuka, na kitenge kile ulikiazima kwa dada yangu kwa sababu nguo yako mtoto aliitapikia.

Basi barua hii isisomwe chumbani. Isomwe barazani, na waitwe walewale waliosikia ya kwanza. Mwalimu, tafadhali, ukifika hapa pandisha sauti: Mama Zaina si mvivu. Hakuzurura. Alikuwa anamuokoa mtoto wetu. Mimi Amisi ndiye niliyekosa, na maneno yale nayafuta mbele yenu nyote.

Baba mkwe nampigia magoti. Mama mkwe, aliyenilea kama wake, namwomba radhi kwa namna ya pekee. Kaka yako namshukuru kwa kuniambia ukweli bila kunitukana. Dada yangu mwambie Mungu amlipe kwa kile kitenge. Zaina mshike kichwa kwa niaba yangu.

Likizo yangu ni baada ya mavuno. Sitapita kwetu kwanza. Nitakuja kwa baba yako, nitakaa nje uani, na sitaingia mpaka wewe mwenyewe uniambie ingia.

Ni mimi Amisi, baba wa Zaina. Na mume wako, kama neno hilo bado unalikubali.