Kisima Kimetoa Maji, Mama

Mama mpendwa, shikamoo. Mimi mzima, ila jua la Handeni limenichoma hata hutanijua.

Kijiji chetu cha Ujamaa hakina kanisa, lakini zoezi alilotufundisha Padre sijaliacha: kila jioni natulia, naipitia siku yangu, naangalia Mungu alipita wapi. Jana nilimwona waziwazi.

Kisima kilikuwa kikavu, watu wamechoka kuchimba, wengine wameshafunga mizigo wahame. Jirani yangu Bi Mwanahawa akaniambia, "Mwalimu, tushuke mimi na wewe." Tukachimba tangu asubuhi. Alasiri sururu yake ikazama kwenye tope, maji yakaanza kutuzunguka miguu. Akapaza sauti, "Alhamdulillahi!" Mimi nikafanya ishara ya msalaba.

"Mwalimu, umejipaka tope uso mzima!" akasema, tukacheka mpaka tukakumbatiana. Huko juu wanawake wakapiga vigelegele, na mizigo ikafunguliwa.

Leo wanafunzi wangu wamekuja darasani wamenawa, nyuso zinang'aa. Nasikia fahari, Mama. Mungu akutunze huko Korogwe, na umwambie Baba kwamba binti yake amechimba kisima.

Mwanao, Agnesi