Ukimya wa Shamba la Iliki

Kwako Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, goti limepunguza ukali, na wajukuu hawajakumalizia sukari. Mimi mwanao wa kwanza mwili ni mzima, chakula kinapita, ila usingizi umenikimbia. Kitindamimba wako yu hai. Ana mikono miwili na miguu miwili, nimemkagua mwenyewe. Nalitanguliza hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa, si umesimama mlangoni na mkono kifuani kama ninavyokujua.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Mama, simu yako unaiweka sauti ya juu hadi jirani anaitikia salamu, na haya si ya jirani. Dereva wa lori la viungo anateremka mjini leo na amekubali kukuletea bahasha. Vaa miwani, isome mwenyewe, usimpe mtoto akusomee. Ukishamaliza, itie motoni.

Safari ya kuja huku ilinitoa jasho la baridi. Barabara inapanda kwa kona, upande mmoja mlima, upande wa pili hakuna kitu, na ukungu umefunika hilo hakuna-kitu ili usijue ni refu kiasi gani. Kwenye kona moja kuna kibao chenye picha ya tembo, na chini yake wameandika kwamba mwenye njia ni yeye. Niliokuwa nao garini walikuwa watalii wenye kamera, wakacheka na kukipiga picha. Sikucheka. Tuliposimama kupoza injini, nyani alikuja akachukua mkate wangu mkononi, taratibu, kama mtu anayepokea chenji yake. Nilimwachia. Unanijua mimi, kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.

Ila harufu ya huku, Mama, ungeipenda. Mdalasini unaanikwa uani, pilipili manga zimepanda juu ya miti mpaka unadhani miti yenyewe ndiyo inazaa, na mabanda ya kukaushia iliki yananukia tangu mbali. Nikaona tulikuwa tunamhurumia bure mdogo wangu, kumbe anaishi ndani ya kabati lako la jikoni.

Ulinituma nije nimuulize kwa nini hapokei simu zako, kwa nini kila ukimpigia anajibu kwa ujumbe wa maandishi tu. Wewe ulisema ni kiburi, shangazi akasema kuna mwanamke. Nilipofika alinikumbatia akaninyanyua juu. Amekonda, lakini anacheka vilevile. Jioni ile tulikaa chumbani kwake, chumba cha mbao chenye kitanda, jiko dogo na dirisha linalotazama msitu, nami nikamsimulia habari za nyumbani zote. Alinitazama usoni bila kupepesa, kila neno. Mama, nilifurahi. Nikajiambia, huyu amekua, amejifunza heshima, zamani nilikuwa nikiongea anatazama dari. Kuhusu simu alisema mtandao wa huku ni mbovu. Nilikubali, ingawa yangu ilikuwa inaita vizuri tu.

Kazi yake ni hii. Iliki haipandwi mahali peupe, inataka kivuli cha msitu, kwa hiyo miti mikubwa haikatwi, na tembo hawajaacha kupita walikopita babu zao. Mmea wenyewe unampita mtu kimo, lakini matunda yake yako chini kabisa, kwenye shina. Wanawake wanachuma wamechuchumaa, hawaoni mbele wala nyuma. Ndiyo maana anawekwa mlinzi mmoja juu ya jiwe, kwenye uwazi kati ya mimea, akiwa na debe na kipande cha chuma, asikilize. Akigonga, wote wanaacha vikapu na kukimbilia banda la juu. Asipogonga, wanaendelea.

Na ili mlinzi asikie, hakuna anayeruhusiwa kusema. Hakuna kuimba, hakuna umbea, hata kikohozi unakimeza. Msimamizi wa shamba, mama mmoja mtu mzima mwenye sauti ya upole, ndiye aliyenieleza. Alisema, "Hapa tunafanya kazi kwa masikio ya mtu mmoja." Mdogo wangu wanamwita hivyo hivyo, Masikio. Kabla yake mchumaji mmoja aliuawa na tembo hapo hapo shambani, na tangu yeye ashike debe hakuna aliyeumizwa. Wanawake wanampenda kama mtoto wao. Nilivimba kichwa, nikasema huyu ni wetu, katoka tumbo lilelile.

Niliomba nami nikachume, nione. Sijui nilikuwa natafuta nini.

Mama, mimi mdomo wangu hauna kufuli, unajua. Kukaa katikati ya watu wengi wasiosema chochote kulinitisha kabla hata ya tembo. Unasikia vidole vikichuma, unasikia tone la maji likianguka jani moja hadi jingine. Karibu yangu alichuma mama mmoja mwenye kichanga mgongoni, na hata kichanga kile kilikuwa kimya, kana kwamba kimezaliwa kinaijua sheria. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini. Mdogo wangu nilimwona juu ya jiwe lake kama kivuli tu.

Kwanza tawi lilivunjika. Nilisimama nusu. Wale wanawake waliinua vichwa, wakatazama jiweni. Debe kimya. Wakarudi kuchuma. Baadaye nilielewa: huku nyani huvunja matawi kutwa, na wangekuwa wanakimbia kila sauti, kikapu kisingejaa hata kimoja. Walishakubaliana kwamba sauti aliyoiacha Masikio ipite si kitu, hata kama umeisikia kwa sikio lako mwenyewe.

Kisha nikasikia mngurumo wa chini chini, wa tumbo kubwa. Nilimtazama mama mwenye kichanga. Naye alikuwa ameusikia, nilimwona usoni, midomo imemkauka. Akatazama jiweni. Debe kimya. Akainama akachuma. Mama, hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, yule mwanamke kuyakataa masikio yake kwa sababu anamwamini mtoto wako.

Ukungu ulipasuka kidogo, tembo akatoka nyuma ya jiwe, jike na mtoto wake, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkonga angemgusa mwanao mgongo. Mdogo wangu alikuwa amekaa, anatazama upande wetu, ametulia. Hakugeuka. Mimi sheria zote zilinitoka kichwani. Nilipiga ukelele, nikamwita kwa jina lake la utotoni, lile unalomwitia chakula. Shamba zima lilishtuka, wote wakasimama. Yeye hakushtuka.

Kilichomwokoa ni nyuso zetu. Aliona tunatazama nyuma yake, sote, vinywa wazi, ndipo akageuka polepole. Hakukimbia. Alibaki palepale kama sehemu ya jiwe. Yule jike alitandaza masikio, akainua mkonga, akalisukuma debe likabingirika hadi chini kwa kishindo. Halafu akamgeuza mtoto wake wakaingia msituni. Wanawake walikimbia ovyo, mama mwenye kichanga akateleza kwenye tope akaanguka kifudifudi. Aliteguka mkono. Mtoto hakuguswa, Mungu ni mkubwa.

Unajua lawama ilimwangukia nani? Mimi. Bandani walisema mgeni kapiga kelele, tembo kasikia sauti ngeni akaja. Wapo waliosema upepo ulikuwa mbaya. Hakuna hata mmoja aliyesema debe halikugongwa. Mdogo wangu alikaa katikati yao, akatazama midomo yao ikisema ni mimi, akainamisha kichwa asinitetee. Iliniuma. Nikasema moyoni, mgeni ni mimi, acha nibebe.

Lakini ukelele wangu ule haukunitoka akilini. Mchana wake alikuwa anapasua kuni nyuma ya chumba. Nilisimama nyuma yake nikamwita. Nikamwita tena. Nikachukua kifuniko cha sufuria nikakiachia juu ya jiwe, kuku wakaruka, mbwa wa jirani akabweka. Yeye akaweka gogo jingine akapasua. Nilizunguka nikasimama mbele yake, na aliponiona uso wangu na kifuniko chini, shoka lilimshuka mkononi.

Aliniambia yote tukiwa tumekaa juu ya kuni. Mvua zilizopita aliugua homa kali, masikio yakaanza kuvuma, sikio moja likaziba, kisha la pili. Sasa hasikii kitu ila mtetemo. Hali ya hewa ikiwa angavu huwaona tembo kabla wengine hawajawasikia, anasoma ndege wanavyoruka, anasoma majani. Ukungu ukishuka anabahatisha. Ndiyo maana hapokei simu yako, Mama. Si kiburi, wala hakuna mwanamke. Anaiona inawaka jina lako, anaishika mpaka izime.

Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema kifo hakimtishi. Akanishika mikono yote miwili akasema, "Dada, nisitiri. Hapa mimi ni Masikio. Wakijua, nitakuwa nani?" Alitaka msimu huu tu uishe. Alilia, yule ambaye hata siku ya kumzika Baba hakulia mbele za watu. Nami nikamwahidi. Andika hilo kichwani mwako, Mama, nilimwahidi.

Asubuhi iliyofuata nilifungua dirisha nisione msitu. Ukungu ulikuwa umekaa mpaka kizingitini. Yeye alishaamka, anafunga kamba za viatu, debe limenyooshwa pale lilipobonyea. Nje wachumaji walikuwa wanajifunga vitambaa vya kichwa, na yule mama wa kichanga alikuwapo, mkono umefungwa, mtoto mgongoni, anakwenda kuchuma kwa mkono uliobaki. Alinisalimia kwa kichwa, bila kinyongo. Nilisimama pale nikawatazama wanavyojipanga kwenda kuinama kwenye ukungu ule, na wote roho zao wamempa mtu asiyesikia.

Nilimwendea msimamizi, nikamwambia.

Ndiyo hivyo, Mama. Hakuna aliyemgundua. Ni mimi, dada yake, kikulacho ki nguoni mwako. Msimamizi aliketi juu ya gunia la iliki, akasema alikuwa anaona dalili na anaogopa kuziona. Siku ile hakumruhusu mtu kuingia shambani. Nilimwomba kitu kimoja tu, asinitaje. Akakubali. Alimwita mdogo wangu akamwambia, polepole ili aione midomo yake, kwamba amemtambua mwenyewe siku ya tembo. Alimweleza kwamba anamwondoa jiweni lakini kazi ya banda la kukaushia ipo akiitaka. Mdogo wangu aliitikia kwa kichwa na kuondoka. Hataki banda. Amesema anarudi nyumbani.

Tunakuja na lori la wiki ijayo. Mganga wa zahanati anasema masikio yapimwe hospitali kubwa, huenda moja litapata nafuu, hakuahidi. Atakapofika msimame mbele yake mnapoongea, na usimlilie usoni, maana sasa anasoma nyuso kuliko sisi tunavyosoma maandishi. Hilo ndilo linaloniogopesha. Tembo alipita akaenda zake, hofu yake ilikwisha jioni ile ile. Hofu niliyo nayo sasa inakula nami sahani moja. Kila anaponitazama natafuta nini cha kufanya na uso wangu.

Jana alikabidhi debe. Wachumaji wote walikusanyika bandani, na naamini wanajua nani alisema, kwa sababu siri ya kambi haina mlango. Alimpa debe mlinzi mpya, akamwonyesha namna ya kulishika. Kisha akanigeukia. Hajui tena sauti yake ni kubwa kiasi gani, kwa hiyo walimsikia wote, hadi waliokuwa nje. Alisema, "Dada, asante kwa kunitunzia siri yangu."

Hakuna aliyekohoa. Yule mama wa kichanga alinitazama, akatazama chini. Ningeweza kusema pale pale. Badala yake nilimtazama machoni nikajibu, asante nawe mdogo wangu. Nilichezesha midomo tu, maana yeye hahitaji sauti, na mimi sikuwa nayo.

Sasa na wewe unajua. Kama utaona ni haki aambiwe, niambie mimi kwanza, nijikaze niseme kwa kinywa changu. Kama utaona tunyamaze, basi tunyamaze wawili, mzigo upungue.

Nisalimie wanangu, waambie mama yao hakuliwa na kitu. Shangazi mwambie mwanamke hayupo, mengine asiulize. Goti lipake dawa, usipande ngazi. Nakuletea iliki mfuko mzima, nilizichuma mwenyewe kabla ya yote hayo.

Ni mimi mwanao wa kwanza, mwenye mdomo.