Karavani ya Shemeji Yako

Kikula, Likasi
Tarehe 12 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Albert,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Kitwe? Kile kifua chako kimepona? Mwezi huu baridi inauma na vumbi halitulii, basi usiendeshe lori bila koti. Unajifanya kijana na ndevu zimeshaanza kuwa nyeupe. Georgette anaendeleaje, na Dan wenu, bado anakataa mboga? Sisi tu wazima. Naandika hivyo nikimshukuru Mungu, kwa sababu wiki iliyopita kidogo tu tungekuwa maiti.

Shemeji yako Symphorien amenunua karavani. Ni ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, ina vitanda vinne na jiko dogo la gesi. Mgeni mmoja wa migodini alikuwa anarudi kwao, akaiuza. Tangu astaafu kiwandani, Symphorien alikuwa anatafuta kitu cha kumchangamsha, na sasa amekipata. Anaifuta vioo asubuhi na jioni, wala hajawahi kunifuta mimi machozi kwa bidii kama hiyo.

Tulikwenda kuichukua Lubumbashi, mimi na yeye na binti yetu Joëlle. Yale uliyoniambia kwa simu niliyashika kama katekisimu: gari likivuta lisipite themanini, mzigo mzito ukae katikati, juu ya magurudumu, na kusogea mbele kidogo, usikae mkiani, nyuma ikianza kucheza usikanyage mafuta wala breki kwa nguvu, bali uondoe mguu polepole na kushika usukani sawa. Nilimwambia yote. Alicheka.

Sasa sikia kosa letu. Unatujua watu wa Likasi, haturudi kutoka Lubumbashi mikono mitupu. Njiani tukaona magunia ya makala ya kupikia, yamejaa vizuri. Mlango wa karavani uko nyuma kabisa. Tukapakia magunia matano pale pale mlangoni, yasichafue vitanda. Gunia la mwisho nililisukuma mimi mwenyewe, Albert. Nimeshaliungama kwa padri, na wewe nakuungamia.

Sindano ya mwendo ilipita tisini, ikafika mia. Tulipoanza kuteremka, Joëlle akageuka akapiga kelele: "Papa, nyuma iko nacheza!" Symphorien akakanyaga mafuta, eti aivute inyooke. Karavani ikatupa mkia kushoto, ikatupa kulia, na kila ikienda iliondoka na gari letu. Mbele yetu lori la asidi lilikuwa linapanda. Nilianza Salamu Maria, sikuimaliza.

Si ujuzi uliotuokoa. Mguu wake ulitoka kwenye mafuta wenyewe, kwa hofu. Mwendo ukapungua, karavani ikatulia, lori likapita karibu hata nikaona macho ya dereva. Honi yake bado naisikia nikiwa napepeta unga.

Tulisimama kando. Akasema ni upepo, na majani hayakutikisika hata moja. "Germaine, weye unaogopa bule," akaniambia. "Minye njo shofere. Hii njia minaiyua." Eti yeye ndiye dereva! Lakini alipokunywa maji, chupa ilimgonga meno. Niliona. Anaogopa kama mimi, ila yeye woga wake anautibu kwa kukimbia zaidi.

Na Alhamisi ijayo, tarehe 19, tunaenda Kolwezi kwenye harusi ya Arielle, binti wa marehemu kaka yetu. Nyumba yao imejaa wageni, tutalala ndani ya hiyo karavani. Amepanga tutoke saa nne asubuhi tule chakula cha mchana Kolwezi. Piga hesabu mwenyewe, kilomita karibu mia na themanini, pamoja na malori yote yale. Joëlle atampakata mtoto wake Plamedi, ana miezi saba, hata kukaa hajajua vizuri. Jana nimemkuta babu yake anapanga magunia ya unga wa harusi. Ameyaweka wapi? Mlangoni, nyuma!

Naogopa, mdogo wangu. Sioni haya kusema. Kwa simu atakujibu ndiyo, ndiyo, halafu atakata. Wewe umevuta matrela miaka kumi na sita, na ukikaa kando yake garini hataweza kukucheka.

Najua ulisema hutapata ruhusa ya kuja harusini. Basi sikia. Barua hii anakuletea Carmel, jirani yetu, pamoja na mfuko wa unga. Usishangae uzito wake. Ingiza mkono mpaka chini: utakuta lile tufe la chuma la nyuma ya gari, ambalo karavani inashikwa nalo. Nimelifungua leo Symphorien alipokwenda kunyolewa, kwa spana ya marehemu baba. Saizi yake haipatikani hapa, nimeulizia gereji zote kabla ya kuligusa. Usilitume kwa mtu. Lilete mwenyewe kabla ya Alhamisi, na ukae naye mbele mpaka Kolwezi.

Msalimie Georgette, mbusu Dan. Joëlle anakusalimu, na Plamedi angekusalimu kama angejua kusema. Symphorien naye hana nafasi ya salamu, amelala chini ya gari, vyuma vyote vya nyumba vimemwagwa uani. Ameniuliza mara tatu. Mara tatu nimemjibu sijui, mimi ambaye kwa miaka ishirini na sita sijamdanganya hata kuhusu chumvi. Afadhali anikasirikie.

Mungu akulinde barabarani, akufikishe kwetu upesi.

Ni mimi dada yako, nakupenda na nakungoja mlangoni,

Germaine