Breki Nilizozikataa

Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri, nguo nilizoanika nimezirudisha ndani mbichi vilevile, na mimi sina uso wa kumtazama mtu yeyote humu nyumbani.

Niandike kabla sijajitafutia udhuru.

Gari letu lilikuwa likilia kila nikikanyaga breki. Salim, mume wangu, akanipa pesa nikabadilishe pedi. Gereji ya kwanza, ile yenye sakafu ya vigae na viti vya kungojea, walinitajia elfu kumi na mbili, nikatoka kimyakimya. Nikaenda kwa Kyalo, mwenye gereji ya mabati kando ya barabara ya kwenda Sabaki. Kwao ni Ukambani, lakini amekaa Malindi miaka mingi na watu humsifu. Alifungua gurudumu, akanionyesha pedi zilivyolika zikabaki chuma kitupu. Pedi mpya pamoja na kazi yake, akasema, elfu sita.

Nusu ya bei. Na bado sikutaka.

Harusi ya binamu yangu ilikuwa imekaribia, na dukani nilikuwa nimeona deraa la hariri ambalo halikunitoka moyoni. Nikamwambia Kyalo azipige msasa tu, kelele ziishe.

"Mama, kelele zitapungua, lakini hapo sijakutengenezea breki," akasema. "Usiende nalo mbali."

"Nitarudi mwezi ujao," nikamjibu.

Deraa nililinunua siku ile ile. Salim aliponiuliza kama gari liko tayari, nikamwambia Kyalo amelimaliza, liko tayari.

Jana nilikwenda Mambrui kumchukua mavyaa wangu, mamake Salim. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko wa daraja la Sabaki, nikakanyaga breki na mguu ukashuka mpaka chini. Hakuna kitu. Mbele yetu lori la mchanga lajikokota. Nikakata usukani, tukaingia kichakani, gari likagota kwenye tuta la udongo. Mavyaa alijigonga paji la uso, damu ikamwingia machoni. Hospitali wakamshona. Akarudi nyumbani na bendeji kichwani, na kila aliyekuja kumpa pole alimwambia kwamba mimi ndiye niliyemwokoa.

Nami nikapokea sifa hizo.

Leo asubuhi Salim akaenda kwa Kyalo, nikafuatana naye. Wateja walikuwapo. Mume wangu, ambaye sijapata kumsikia akimpazia mtu sauti, alimtukana yule bwana mbele za watu. "Mwatoka huko kwenu bara mwaja kutuua huku!"

Kyalo akafuta mikono, akanigeukia. "Mama, si nilikwambia ubadilishe pedi? Mwambie mzee."

Wote wakanitazama.

"Sikumbuki," nikasema.

Nilikumbuka kila neno. Mteja mmoja akaingia garini mwake akaondoka. Tulipofika nyumbani, Salim akatuma onyo kwenye kundi la simu la mtaa, na jina la Kyalo ndani yake.

Wakati wa chakula cha mchana mavyaa akainua mikono kumwapiza huyo fundi. Hapo nikashindwa.

"Mama, usimwapize. Alinionya. Mimi ndiye niliyekataa."

"Na pesa je?" Salim akauliza.

"Nimenunua deraa."

Mavyaa akashusha mikono yake taratibu, akaifuta kwenye kanga. Salim akaisukuma sahani. "Umeniacha nimvunjie mtu heshima yake, nawe watazama!"

Akaniambia niandike ukweli mwenyewe kwenye kundi. Nikaandika. Nilifuta mara kadhaa kabla sijaweza kutuma, maana kila mara nilijikuta nimetia "labda" mahali fulani.

Kisha tukarudi gereji mvuani. Nikasema kwa sauti, mbele ya waliokuwapo, kwamba Kyalo alinieleza na kwamba nilidanganya. Yule mteja aliyeondoka hakuwapo kunisikia. Salim naye akaomba radhi, hasa kwa lile neno la bara.

"Yamepita," Kyalo akasema. "Mimi sina kinyongo."

Salim akashusha pumzi, akamuuliza ni lini anaweza kuja kulivuta gari alitengeneze, bei aseme yeye.

Kyalo akatikisa kichwa. "Hilo gari sitaligusa tena, mzee. Nikiweka pedi mpya leo, na kesho kutwa kitu kingine kiharibike, mama atakumbuka nini?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Tumerudi nyumbani. Gari liko kule kule kichakani. Kesho nitatafuta fundi mwengine, na akiniuliza nani aliyeziona breki hizi kabla yake, nitamtaja Kyalo, nimwambie na alichonieleza.

Je, nitalisema hilo Salim asipokuwa pembeni yangu?