Kichupa Kilichoandikwa "Mzima"

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Mama bado anagombana na redio yake.

Siku ile ulipopita maabara kuniaga, nilikutoa damu, maana wewe huumwi, niilinganishe na ya mgonjwa. Ukacheka: "Dada, wenzako wanaaga kwa kukumbatia mtu, wewe kwa sindano!"

Chembe nyeupe za damu zikiingiwa na saratani hupoteza alama fulani iliyo juu yake. Za mgonjwa tuliyehofia ana saratani zinayo. Zako nyingi hazina. Nikailaumu mashine, nikaiosha, nikarudia mara tatu. Majibu yale yale.

Rudi, daktari akuone. Mama sijamwambia.

Kichupa chako bado kina mwandiko wangu: "Mzima." Kila nikishika kitambaa niufute, mkono unakataa.

Dada yako