Shingo ya Tofi

Jumatatu, 7 Juni 2004

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, barabara ya Endebess, kama kawaida. Matope. Tofi mbele, mimi nyuma na kamba. Kufika kwenye kinu cha posho akaanza tena kile kikohozi. Si kikohozi cha mbwa kabisa, ni sauti ya bata aliyekanyagwa. Alisimama, shingo imenyooka, macho yamemtoka. Nikamngoja. Wanawake wa mtaa wa Kipsongo waliokuwa wakienda kutafuta kibarua mashambani wakasimama kututazama kama sinema.

Natembea kwa sababu ya presha. Daktari alisema nusu saa kila siku. Lakini hapa Kitale mwanamke wa miaka arobaini na sita akitembea bila kikapu na bila safari, watu wanauliza kama kichwa ni kizima. Nikiwa na mbwa angalau wanamcheka mbwa. Tofi aliachwa na familia ya Kihindi niliyokuwa nikiwashonea mapazia, walipohama. Kilo nne tu. Alikuja na kola yake ya ngozi, na tabia ya kulala juu ya mguu wangu nikiwa kwenye cherehani.

Nimempa maji ya tangawizi. Amekataa.

Jumatano, 9 Juni

Nilidhani ni baridi. Halafu nikadhani ni minyoo, nikampa dawa. Bure.

Jana alirudi nyuma ghafla, kichwa kikachomoka kwenye kola, akakimbilia gari la maziwa. Dereva alifunga breki, akanitukana mimi na ukoo wangu wote. Kwa hivyo leo nimeikaza kola tundu moja. Amekohoa njia nzima. Mimi ni fundi wa nguo. Najua mtu anakuwaje kola ya shati ikimbana. Na sikufikiria. Mjinga mimi.

Jumamosi, 12 Juni

Daktari wa ng'ombe alikuja kwa mwenye ploti ninayopanga kumpandisha ng'ombe kwa sindano. Nilimvizia pale langoni na Tofi mkononi. Alicheka kwanza. Wote hucheka kwanza. Halafu akanawa mikono, akambonyeza Tofi kooni kwa vidole viwili, polepole, na ile sauti ya bata ikatoka papo hapo. Akaacha kucheka.

Akasema si ugonjwa wa kuambukizwa. Bomba la hewa ni laini, linabonyea. Mbwa hawa wadogo wengi wako hivyo. Mbwa mkubwa shingo yake ni kama nguzo, mvute utakavyo. Huyu bomba lake ni kama mrija wa soda. Akivutwa vibaya litavimba, na likivimba sana litafunga.

Nikauliza dawa. Akasema dawa ni kuacha kola. "Huyu usimvute shingo tena hata siku moja. Mvute kifua." Akanionyesha punda wa wauza maji akipita barabarani: mzigo anauvuta kwa mkanda wa kifuani, shingo iko huru. Nimshonee Tofi kitu kama hicho, kamba ishikwe mgongoni. Akaenda zake.

Jumanne, 15 Juni

Mkanda wa kwanza: umeharibika. Nilitumia ile mikanda ya mabegi ya shule. Ni migumu. Imemchubua makwapani, akawa anatembea miguu imepanuka. Nimeufumua wote.

Wa pili nimeuweka upana wa vidole vitatu, ndani nikatia kipande cha sweta kuukuu. Kipande kimoja kifuani, kimoja kinazunguka mbavu nyuma ya miguu ya mbele, vinakutana mgongoni kwenye pete ya chuma. Vidole vyangu viwili vinaingia chini yake bila shida. Kuuvalisha ni taabu, lazima umwingize mguu mmoja mmoja na yeye anacheza. Kola ni sekunde moja tu. Kola ina heshima yake pia, siwezi kukataa, mbwa anaonekana mbwa.

Ijumaa, 18 Juni

Siku tatu hajakohoa. Hata mara moja. Amefika mpaka kwa shamba la mahindi ya mbegu na kurudi. Na akivuta, anageuka upande wangu, hachomoki. Nimefurahi kijinga.

Watoto wa ploti wamekuja nyuma yetu wakiimba ati Tofi amevaa sidiria. Mama zao wamesimama milangoni wakicheka na wao. Mama Brayo, wa mlango wa pili, ndiye aliyecheka kwa sauti zaidi, na nilimshonea yunifomu za watoto wote watatu.

Jumapili, 20 Juni

Baada ya kanisa. Mama mmoja wa chama chetu cha akina mama, simwandiki jina, ameniuliza mbele ya wengine kama ni kweli ninamshonea mbwa nguo. Nikamweleza. Shingo, bomba la hewa, daktari. Akaniwekea mkono begani, akasema, "Heri wewe pia umepata wa kuvalisha."

Alisema kwa upole. Hilo ndilo limeniuma. Miaka sita niliishi na mume Nakuru, nikarudi nyumbani na begi moja kwa sababu tumbo langu halikutoa kitu. Watu hapa wanajua. Walikuwa wamenyamaza. Sasa nimewapa mahali pa kuanzia.

Alhamisi, 24 Juni

Nimejaribu kutoka bila kamba kabisa. Amefukuza kuku wa watu. Hapana.

Nimetoka saa kumi na moja alfajiri ili nisikutane na watu. Sioni hata matope ninayokanyaga. Mwanamke mzima ninajificha na mbwa wa kilo nne.

Alhamisi, 1 Julai

Ndung'u amepiga simu kutoka Bungoma. Ndung'u ndiye kaka yangu, ndugu wa tumbo moja wa pekee niliyebaki naye tangu mama afariki. Ana duka la simiti na mabati huko, ameoa huko, Nekesa, na wanaheshimika. Binti yao Shiro anaposwa. Watu wa kijana watatoka Kamukuywa Jumamosi ya tarehe kumi kuleta mahari. Mimi ndiye shangazi. Lazima niwepo. Nitakaa na Shiro chumbani kabla hajatolewa, nitaulizwa maswali ya shangazi, wanawake wa upande ule watanipima kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Na nishone magauni manane ya kitenge.

Nimefurahi kwa ajili ya Shiro. Nimeogopa kwa ajili yangu. Nimeandika zote mbili kwa sababu zote ni kweli.

Jumanne, 6 Julai

Magauni sita tayari. Mgongo unawaka moto.

Nani atakaa na Tofi siku mbili? Mama Brayo amesema atamfunga tu pale kwa mti, kuna shida gani. Namjua. Atamfunga kwa waya. Nitaenda naye.

Jumamosi, 10 Julai. Bungoma

Naandika chumbani kwa Shiro. Wageni wameondoka. Mambo yao yamekwenda sawa, mahari yamekubaliwa, watu wamekula.

Tofi yuko vibaya. Hapa mbwa hufungwa wageni wakija, ndiyo desturi ya kila boma. Ndung'u alisema avuliwe ile kitu ya kifuani kabla watu hawajaona, asije akatuaibisha. Akafungwa kwa kola nyuma ya stoo ya simiti. Saa sita mpaka saa tisa na nusu. Stoo iko karibu na sebule. Alikuwa ananisikia. Mimi nilikuwa naongea, nacheka, wale wanawake walinipenda, mmoja alisema Shiro amepata shangazi wa maana. Kila nikicheka alikuwa anavuta kuja kwangu.

Nilimkuta amelala ubavu. Ulimi umekuwa wa rangi ya zambarau. Nimemfungua. Anapumua kwa kelele kama mlango usiotiwa mafuta. Daktari wa mifugo wa hapa ameenda matanga.

Jumapili, 11 Julai

Amekufa kabla ya kanisa.

Ndung'u amemchimbia shimo mwenyewe nyuma ya stoo, akiwa na suruali ya suti. Sikumwambia asante. Niliingia jikoni, wanawake wote wako pale na masufuria ya jana, nikamwambia Nekesa: "Mume wako ameniulia mbwa." Ndung'u alikuwa mlangoni na jembe. Hakujibu. Akalipangusa jembe kwa majani, akalirudisha stoo.

Mwenye makosa hunyamaza. Ndivyo nilivyoona.

Ijumaa, 16 Julai. Kitale

Sijatembea tangu nirudi. Kichwa kinagonga, ni presha. Kigonge tu.

Ndung'u amepiga simu mara tano. Sijapokea. Nimempigia shangazi yetu wa Naivasha nikamweleza kila kitu, jinsi alivyoamrisha mbwa avuliwe, kwa ajili ya sifa mbele ya wakwe. Shangazi amekasirika. Amesema Ndung'u amekuwa na kiburi tangu apate duka. Amesema atamwambia uso kwa uso. Nilijisikia vizuri kwa kama saa moja hivi.

Mama Brayo amekuja na uji, akasema si ni mbwa tu, utapata mwingine. Nikamwambia achukue uji wake.

Alhamisi, 22 Julai

Shangazi amempigia Ndung'u na kumgombeza. Ameniambia hakujitetea hata kwa neno moja. Amesema hiyo ni dalili ya hatia.

Nimeshona kaptura kumi na mbili za shule. Mbili mshono umepinda. Nimesimamisha mguu hewani mara ngapi leo, nikiuinua taratibu kwenye kanyagio nisimwamshe mtu ambaye hayupo.

Jumatano, 28 Julai

Nekesa amekuja. Peke yake, kutoka Bungoma, bila kupiga simu. Ameleta sukari, majani ya chai, maziwa, kuku. Ameketi vile watu huketi kwa mfiwa, mikono mapajani. Hakuna mwingine aliyenifanyia hivyo. Nilitaka kumfukuza, nikashindwa.

Amesema Ndung'u hali chakula vizuri. Shangazi wa Naivasha ametangaza kwamba hatakuja harusi ya Shiro, na wajomba wawili wamesema wako naye. Shiro analia. Ndung'u anaulizwa na kila mtu, na hajibu.

Halafu akaniangalia, akaniuliza bila ukali, "Dada, alikwambia umvue mbwa saa ngapi? Maana siku ile alikuwa na mimi jikoni tangu alfajiri mpaka wageni walipoingia."

Nikasema sikumbuki saa. Nikaamka kuchemsha chai. Chai ilikuwa bado kwenye kikombe chake, hajainywa hata nusu.

Jumapili, 1 Agosti

Sikwenda kanisani. Kumetulia. Ploti nzima imeenda.

Nimesoma nilichoandika tarehe kumi. Ndung'u hakusema mbwa avuliwe. Ule ni uongo wangu. Hapa hakuna msomaji ila mimi, na bado nilidanganya.

Iwe hivi sasa. Nilifika kwa lango la Ndung'u karibu saa sita siku ile nikakuta magari mawili ya wakwe yamefika mapema, wanawake wamevaa vitenge vya fahari, wanashuka. Tofi alikuwa kwenye kikapu na mkanda wake wa kifua. Nikasikia mkono wa yule mama wa kanisa begani mwangu. Nikazunguka nyuma ya ua wa michongoma, nikamvua. Nikamvisha kola. Kola ilikuwa mkobani. Niliitia mkobani mwenyewe Kitale, Ijumaa, chini ya leso. Kwa hivyo nilikuwa nimeamua kabla sijaona gari la mtu yeyote. Halafu nikampeleka nyuma ya stoo nikamfunga kwa mkono huu. Hakukohoa. Alinilamba. Nikaenda kucheka na watu.

Daktari aliniambia hata siku moja. Nilisikia vizuri sana. Nilijua shingo ile itavimba, nikahesabu kwamba saa tatu za kufungwa si nyingi. Nilitaka mchana mmoja tu wa kuwa shangazi wa maana. Nimeupata.

Saa tano hivi nimempigia Ndung'u. Alipokea mlio wa kwanza. Akauliza kama huku kumenyesha. Nikasema kumenyesha. Nikasema: "Si wewe. Ni mimi niliyemvua."

Nilisikia kuku wao.

"Najua, Wangari. Nilikuona pale michongomani, kutoka dirisha la jikoni."

Wiki tatu amebeba. Shangazi, wajomba, mtoto wake analia, na yeye anajua. Afadhali angenitusi. Ningejua la kufanya na matusi.

Nikamwambia nitawapigia wote leo, kuanzia Naivasha. Akasema sawa. Akasema nile kwanza. Hakuna aliyekata. Tulikaa hivyo na simu masikioni, yeye Bungoma, mimi hapa, mpaka ikakatika yenyewe.